Mkalimani Asiyeongeza Neno

Spitalini kwetu sote tulimwita Mkalimani, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Jina lake la haki nililijua siku nilipolisoma kwenye kadi ya mgonjwa, na siku hiyo nitaieleza mwishoni. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo. Kila asubuhi alivuka Darajani kwa miguu, kanzu imepigwa pasi, koti jeusi juu yake, mwavuli mkononi hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Alifariki akiwa mzee sana, nyumbani kwake, kitandani pake, wajukuu wamemzunguka, kwa hiyo haya si maombolezo. Ni shukurani, na zimechelewa.

Nazungumzia mwanzo wa miaka ya hamsini. Madaktari wengi walikuwa Waingereza waliokuja kwa miaka miwili au mitatu kisha wakaondoka, na Kiswahili walichokipata kwa muda huo kilitosha kumwambia mtu afungue mdomo na avute pumzi. Yaliyobaki yote yalipita kwa Mkalimani. Upande mmoja alikaa daktari na meza yake, upande wa pili mgonjwa aliyetoka Kizimkazi au Chukwani, au mke wa tajiri wa Kihindi wa mjini ambaye Kiswahili chake cha kuagizia samaki na nazi ndicho alichokuwa nacho cha kuelezea ugonjwa. Katikati alikaa yeye, juu ya kigoda kifupi alichokuja nacho mwenyewe kutoka kwake. Hakupata kusimama mbele ya mgonjwa. Alisema ukimsimamia mtu anadhani una haraka, naye atakupa jibu la mtu mwenye haraka.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasichana wachache walioanza kufunzwa unesi wakati huo. Baba alikubali kwa shida, na nilipokubaliwa nikajiona nimefika. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, kimepangika vizuri, na pua yangu ilikuwa juu. Wiki ya kwanza tu niliwaambia wenzangu tulipokuwa tukila kwamba, sisi tukishamaliza mafunzo, huyu mzee na kigoda chake hatakuwa na kazi tena. Alikuwa nyuma ya mlango akinawa mikono. Siku ya pili alinisalimia kwa kuniita "Bi Nesi," na kejeli hiyo hakuiacha mpaka nilipostahili kuachiwa.

Jambo la mwanzo alilonifunza lilihusu salamu. Sisi watu wa hapa, ukimuuliza mtu hali, atakwambia sijambo. Aliyeletwa na watu wanne juu ya kitanda cha kamba atakwambia sijambo, namshukuru Mungu, na ugonjwa utatoka baadaye, ukiwa na subira ya kuungoja. Ukiwa huna, hautoki kabisa, mtu ataona haya kukulazimisha kuusikia. Sasa swali la kwanza la kila daktari wa Kiingereza ni hilo hilo: unajisikiaje leo? Jibu la kwanza likawa ni hilo hilo kila siku. Wakalimani wengine waliwahi kulibeba lile jibu kama lilivyo na kumkabidhi daktari, na daktari akahamaki akauliza mtu huyu, kama ni mzima, amefuata nini.

Mkalimani sijambo ya kwanza hakuifasiri. Aliiacha ipite.

"Hiyo ni ya adabu," alinambia. "Haimhusu daktari."

Baada ya hapo alianza maswali ambayo mimi niliyaona ya kupotezea watu wakati. Umekuja na gari gani? Njia ilikuwaje? Leo kwako anapika nani? Mwanamke mmoja aliyesema hana kitu, aliposikia swali la nani anapika, alishusha pumzi na kusema ni dada yake, kwa sababu yeye tangu juzi akiinama mbele ya moto anaona kiza. Hapo ndipo Mkalimani alipomgeukia daktari na kuanza kusema Kiingereza.

Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kila neno limewekwa mahali pake. Na katika maneno yote aliyokuwa nayo, moja alilitunza kuliko mengine. Lilikuwa ni *uneasy*. Alilipata kwa daktari wa kwanza aliyefanya naye kazi, ujanani, ambaye aliliandika mara kwa mara kwenye karatasi za wagonjwa. Mkalimani alimuuliza maana yake, na yule daktari akahangaika nalo muda wote wa chakula cha mchana, akigusa kifua, akigusa tumbo, akitazama dirishani, asifike popote. Mkalimani alikwenda nalo nyumbani. Kamusi ikampa wasiwasi, naye hakuridhika. Wasiwasi, kwa maoni yake, ni wa yule anayerudia kutia udhu mara tatu kwa kuwa hana hakika kama sikio limepata maji. Hofu inajijua inachokiogopa. Mashaka yana sababu. Lakini ipo ile hali ya mtu kuamka asubuhi hana maumivu, hana homa, habari mbaya haijabisha hodi, na bado moyoni kuna kitu kimesimama kinakataa kukaa.

Akaanza kuwasikiliza watu wanavyoisema hali hiyo. Wanawake wa mjini walisema hawana raha na nafsi zao. Watu wa shamba walisema roho haikai. Fundi mmoja mwashi alimwambia, "Leo mwili si wangu, kama nimevaa wa mtu." Yote hayo Mkalimani aliyatia ndani ya lile neno moja la Kiingereza, na alikuwa akisema kwamba Waingereza wametuletea mambo mengi ambayo hatukuyaomba, lakini neno hili wametufaa nalo.

Sisi manesi, baada ya kulisikia, tukalichukua. Likawa neno letu la barazani. Mmoja alisema yuko *uneasy* kwa sababu viatu vinambana, mwingine kwa sababu mchumba hajaleta barua. Mkalimani alitukuta tukicheka, akasimama na mwavuli wake.

"Mnalichezea hilo," alisema. "Siku mtakayolihitaji, daktari atakuwa kashalizoea."

Alipotupa mgongo tulicheka tena. Leo najua kwamba alisema kweli. Yeye mwenyewe alilitumia mara chache sana, labda mara moja kwa mwezi, na alipolitumia, madaktari waliomzoea waliweka kalamu chini. Hakulitumia kabla ya kumtazama mtu vizuri. Alitufunza tutazame kama mgongo umegusa kiti au mtu amekalia ukingo, kama chai aliyopewa imenywewa au imepoa mbele yake, kama mkono bado umekamata kile alichoingia nacho. "Huyo amekaa," alisema, "lakini hajafika."

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu wa ubishi, na alipenda halua kupita kiasi. Aliificha mfukoni mwa koti ndani ya karatasi, na bitana la mfuko likawa limeganda, funguo zake zikitoka zinanata. Sisi alitukataza kusema Kiingereza ukumbini kwa kujionesha, kumbe yeye jioni alikaa kwenye baraza ya jirani yake akisoma gazeti la Kiingereza kwa sauti, na wazee wa pale hawakuelewa hata neno moja na walimvumilia kwa heshima tu. Kusifu hakukuwa kwake. Ukifanya vizuri aliguna.

Tena alikuwa mwoga wa sindano. Mtu aliyefanya kazi spitali umri wake wote, sindano ikitolewa anageuka kutazama ukuta na kufasiri huku akiangalia chokaa. Wagonjwa walicheka mpaka wakasahau kuumwa. Na kubwa kuliko yote, yeye aliyewafumbua watu wote midomo, mwenyewe alikuwa hafumbuki. Nilimwona siku moja akimfasiria mgonjwa wa malaria huku meno yake mwenyewe yanagongana na jasho linamtiririka shingoni. Nilimuuliza kulikoni, akanambia sijambo, Bi Nesi, endelea na kazi. Mkewe alinambia kwamba tangu amuoe hajamsikia akilitoa jibu jingine.

Sasa niieleze siku ya mama wa Makunduchi, maana bila ya siku hiyo nisingekuwa nesi.

Ijulikane kwanza kwamba Mkalimani alikuwa ameshaonywa. Kulikuwa na daktari mpya wodi ya wazazi, kijana, hodari, hana hata miezi mitatu kisiwani, na alikuwa amegundua kwamba maneno ya mgonjwa na maneno ya Mkalimani hayalingani kwa urefu. Akalalamika. Ofisi ikamwandikia Mkalimani barua kwamba kazi yake ni kupeleka maneno, si kuongeza, na akirudia atatafutwa mwingine. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliikunja barua akaitia mfuko uleule wa halua.

Asubuhi ile Mkalimani alikuwa amezuiliwa wodi ya wanaume, na daktari alitaka kumruhusu mama aliyejifungua siku nne nyuma. Mtoto mzima, mama hana homa. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, alikuwa ameshafunga mzigo na kukaa mlangoni, kwa sababu gari ya abiria ya kwenda shamba ilikuwa inaondoka Darajani baada ya sala ya adhuhuri, na ikishaondoka hakuna nyingine siku hiyo. Daktari aliniuliza kama naweza kufasiri. Nilikuwa nikilingoja swali hilo tangu siku ya kwanza. Akamuuliza mama anajisikiaje, mimi nikauliza, mama akajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Nami nikamgeukia daktari nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri cha shule, kwamba ni mzima kabisa.

Yote aliyonifunza yalikuwa mbele ya macho yangu. Mama alikalia ukingo wa kitanda. Uji wake ulikuwa umeota ngozi. Mkono mmoja ulimpakata mtoto na wa pili ulishika ukingo wa godoro. Niliyaona yote hayo na sikuyatazama, kwa kuwa nilikuwa nikijisikiliza nilivyosema.

Daktari alikuwa ameshatia saini aliposikia hodi. Mkalimani hakuingia wodi ya wanawake bila ya kubisha hodi tatu na kungoja aitikiwe. Aliingia na kigoda chake, akakaa, akapokea shikamoo ya yule mama, akamuuliza kuhusu gari, na kuhusu njia, na kama kwake atamkuta nani. Mama alijibu yote kwa adabu. Kisha akamuuliza polepole:

"Na roho, mwanangu, imetulia?"

Mama alitazama chini. Hakujibu. Mkalimani alingoja, na mavyaa mlangoni akaacha kupekua mzigo wake akatazama, na bado mama hakujibu.

Mkalimani akamgeukia daktari akamwambia kwamba mgonjwa yuko *uneasy*, na kwamba asiondoke leo.

Daktari alisema, na uso wake ulikuwa mwekundu, kwamba ametega masikio mwenyewe na mwanamke huyu hakutamka hata herufi moja. Nesi ameshafasiri, mgonjwa amesema ni mzima. Akamuuliza kama barua ya ofisi hakuipata. Mimi nilisimama hapo na faili mkononi, nikamwomba Mungu mzee anyamaze, na nakiri kwamba sikumwombea yeye. Nilijiombea mimi, nisionekane nimekosea.

"Sikuongeza, daktari," Mkalimani alisema. "Nimefasiri."

Akaeleza kwamba kwetu kijana hamwambii mtu mzima "hapana, sikutulia," wala halalamiki mbele ya mavyaa wake aliyekwisha kufunga mzigo. Hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko jibu. Kama daktari bado anataka kumruhusu, ni haki yake, ila anaomba iandikwe kwenye faili kwamba mkalimani alikataa, jina lake na saa. Alisema hivyo bila ya kupandisha sauti. 

Yule daktari hakuwa mtu mbaya. Alimlaza mama kitandani, akampima tumbo tena, hakuona kitu. Akasema basi, mpaka kesho. Akaongeza kwamba kesho hiyohiyo atataka kuzungumza na Mkalimani ofisini. Mavyaa alifungua mzigo kwa hasira, na gari ya shamba ikaondoka bila yao.

Lasiri, mama alianza kutoka damu. Haikuwa damu ya kawaida. Alipelekwa chumba cha upasuaji mbio, na kule ikaonekana kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani ya kizazi tangu siku ya kujifungua. Zingepita dakika chache zaidi tusingempata. Saa hiyo gari ya shamba ilikuwa njiani, katikati ya mashamba, na mimi nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikaihesabu njia yote mpaka Makunduchi na nikalia. Mama aliishi. Mavyaa alikaa kando ya kitanda chake siku tisa, na kila Mkalimani alipobisha hodi alisimama kumpisha.

Siku ya pili daktari alitukusanya wodini. Hakumwita Mkalimani ofisini. Alimuuliza mbele yetu, kwa sauti ya chini, alijuaje. Nami nilingoja aseme kwamba nesi wako alimtazama mtu anayekwenda kufa akakwambia ni mzima.

Mkalimani alisema, "Nesi ndiye aliyenipa habari, kwa jicho, nilipoingia. Yeye kwa kuwa ni mwanafunzi alikuona umeshatia saini, akaona haya."

Daktari alinitazama. Akanishukuru mbele ya watu wote, akaniambia kuanzia leo nikiona kitu nimwambie yeye moja kwa moja, hata akiwa na kalamu mkononi. Tangu siku hiyo alinisikiliza, na waliomfuata wakanisikiliza kwa kuwa yeye alinisikiliza. Kila cheo nilichopata baadaye kilianza pale, juu ya habari ambayo sikuipeleka.

Nilimfuata Mkalimani ukumbini. Nilikuwa siwezi kumtazama. Nilimuuliza kwa nini amesema vile na anajua si kweli.

"Mimi nnakwenda zangu, miaka miwili tu," alinambia. "Wewe ndo utakayebaki nao. Bora waanze kukusikiliza mapema." Akatoa halua mfukoni, akanikatia kipande. "Na wewe, mwanangu, uanze kutazama."

Hakuniita tena Bi Nesi. Na katika muda wote niliomjua, hilo ndilo neno pekee ninalolijua kwamba aliliongeza.

Alistaafu kwa wakati wake, na kigoda akaondoka nacho. Miaka ikapita. Mimi nikawa sista, yaani mkuu wa manesi, nina wodi yangu na wanafunzi wangu, na bado nilikuwa nikipita barazani kwake siku za sikukuu kusikiliza gazeti. Kisha asubuhi moja, miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilipita mahali wanapongoja wagonjwa wa nje nikamwona. Alikuwa na mwanawe mkubwa. Kanzu imepigwa pasi, koti jeusi juu. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo," alisema. "Huyu tu kanileta kwa nguvu."

Niliingia nao kwa daktari, na kadi nikaichukua mimi, ndipo nikalisoma jina lake. Daktari alikuwa mgeni, na mkalimani mpya, kijana, alikuwa amesimama tayari. Hakuhitajika. Daktari alipouliza hali, Mkalimani alijibu mwenyewe, kwa kile Kiingereza chake cha polepole, kwamba ni mzima kabisa, na anamshukuru daktari kwa kumuuliza. Daktari alifurahi kumsikia. Wakazungumza kidogo juu ya hali ya hewa. Mwanawe alitazama ukuta kwa kukata tamaa. Daktari akaanza kuifunga kadi.

Nilimtazama. Alikuwa amekalia ukingo wa kiti. Chai aliyoletewa na mwanawe ilikuwa imepoa mbele yake. Mwavuli alikuwa hajauweka chini, ameukamata kwa mikono miwili, na nje hakukuwa na wingu. Kwenye trei ya pembeni kulikuwa na sindano, na yeye alikuwa amejigeuza asiione.

Nilimwambia daktari kwamba mgonjwa huyu yuko *uneasy*.

Daktari alinitazama, akamtazama mzee, akasema kwa upole kwamba mwenyewe amesema ni mzima. Nikasema ndiyo, amesema, na namwomba asimruhusu kuondoka.

Mkalimani alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamezeeka kuliko nilivyozoea.

"Umeongeza neno," alinambia.

"Sikuongeza, mzee wangu. Nimefasiri."

Alikaa kimya. Nilikijua kimya kile, alinifunza mwenyewe kukisoma, na nilimngoja. Mwishowe akauegemeza mwavuli ukutani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti. Kiingereza alikijua kuliko sisi sote mle ndani ukimtoa daktari, lakini alinisemesha kwa Kiswahili.

"Basi mwambie," alisema, akaweka mkono chini ya mbavu. "Mwambie ni hapa. Tangu Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha. Na mwambie sindano naiogopa."

Nikavuta kigoda cha spitali kilichokuwa chini ya meza, nikakaa mbele yake, nikamfasiria daktari neno kwa neno.